Siborio niliyomwahidi mama ina jina la kijiji cha watu

Shikamoo Bibi,

Nina miaka 46, mzaliwa wa Kilimanjaro, na huu ni mwaka wa kumi na nane naishi Ufaransa, jirani na mji wa Lille. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani kwao. Mume wangu ni Mtanzania mwenzangu, dereva wa lori. Tuna watoto wawili. Jina langu naomba ulifiche, maana huku tunajuana wote.

Bibi, mimi nina ugonjwa wa vitu vya kale. Wenzangu ugonjwa wao ni vitenge au viatu. Wangu ni vyombo vya Wafaransa wa karne ya 19, hasa vya kanisani. Ulianzia kwa bibi kizee mmoja niliyekuwa namwogesha kila asubuhi. Juu ya kabati lake kulikuwa na kuba la kioo, ndani yake mto mdogo wa mahameli nyekundu, taji la maua ya nta alilolivaa nyanya yake siku ya harusi, na vioo vidogo vidogo vilivyozungushiwa majani ya shaba. Aliniambia kila kioo kina maana yake: hivi ni miaka ya uchumba, vile ni watoto waliowaombea kwa Mungu. Alipofariki, wanawe waliita gari la kusomba taka. Nikaliomba lile kuba, wakanipa huku wanacheka.

Tangu hapo sijapona. Kila Septemba mji wa Lille ukigeuka soko mwisho wa juma zima, mimi niko barabarani alfajiri na tochi. Jumapili nazunguka magulio ya vijijini. Leo nina vyombo vya maji ya baraka vya kauri vya kutundika ukutani, vinara sita vya altare, sanamu za plasta za Moyo Mtakatifu na Mtakatifu Yosefu, msalaba wenye Yesu aliyechongwa kwa pembe, nadhani ya ndovu, na kisanduku cha masalia ya watakatifu kilichorembwa kwa vikaratasi vya dhahabu vilivyosokotwa, nilichokinunua kwa yuro 90. Mume wangu anasema amehamia sakristia, chumba cha vyombo na mavazi ya misa, bila kupewa upadre. Binti yangu wa miaka 15 haleti rafiki nyumbani. Anasema Yosefu wa koridoni anawatisha.

Sasa jambo lenyewe. Miaka miwili iliyopita nilinunua siborio, kile chombo chenye kifuniko cha kuwekea hostia za komunyo, dukani kwa mfanyabiashara wa vitu vya kale. Nililipa yuro 450, mume wangu nikamwambia 150. Ina masuke ya ngano na vishada vya zabibu, ndani imepakwa dhahabu, na juu ya kifuniko kuna msalaba mdogo. Usiku ule nikampigia mama simu ya video, akaiona, akalia. Mama ana miaka 79 na ameitumikia WAWATA, chama cha Wanawake Wakatoliki Tanzania, tangu mimi nikiwa mdogo. Parokia yetu ina jubilei Desemba hii. Ulimi ukaniponyoka: "Mama, hii ni ya parokia." Mama akamwambia paroko, paroko akaitangaza kwenye misa ya Pasaka. Sasa nikipiga simu, baada ya salamu ananiuliza, "Na siborio haijambo?" kama vile ni mjukuu.

Mwezi uliopita nikaanza kuisafisha. Nilipogeuza kitako, chini ya weusi wa miaka nikakuta maandishi: "Zawadi ya Watoto wa Maria", kisha jina la kijiji, kisha 1872. Bibi, kijiji kipo. Ni dakika 40 kwa gari kutoka kwangu. Nilikwenda. Kanisa lilikuwa limefungwa, na karatasi mlangoni inasema misa ni Jumapili moja tu kwa mwezi. Nikakaa ndani ya gari nusu saa, nikarudi.

Mume wangu, ambaye sasa bei halisi anaijua, anasema: "Wao wameitupa, wewe umeokota, kesi iko wapi? Kama inakunyima usingizi iuze, tukate tiketi za Desemba." Rafiki yangu wa kwaya anasema nimpelekee sonara ayafute maandishi. Mimi nawaona wale Watoto wa Maria wa 1872 wananitazama. Lakini nikiirudisha, mama nitamwambia nini? Nishuke kwenye ndege mikono mitupu, mbele ya parokia nzima? Nilikuwa nimepanga na ule msalaba wa pembe niutie kwenye begi, mama auweke kichwani pa kitanda chake.

Je, Bibi, mimi ni mwizi?

Mlinzi wa Siborio, Kaskazini mwa Ufaransa

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka sana na Yosefu wa koridoni. Mara ya pili sikucheka, kwa sababu nilimwona mtu aliyekaa ndani ya gari nusu saa mbele ya kanisa lililofungwa.

Siborio itasubiri kidogo. Kwanza lile ulilolisema kwa sentensi moja ukapita, ambalo ndilo lililonitoa jasho. Ule msalaba usiuweke kwenye begi. Mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu, na kitu cha pembe kikivuka mpaka bila vibali, uzee wake haukikingi. Hata huko huko Ulaya, tangu 2022 kuuza pembe ya zamani kunahitaji cheti. Hebu jione umesimama mbele ya forodha pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, unaeleza kwamba huyu ndovu alikufa zamani sana, katika nchi ambayo watu wanafungwa miaka mingi kwa sababu ya pembe. Kwanza jua ni pembe kweli. Chukua kioo cha kukuzia, tazama mahali ilipokatwa: pembe ya ndovu huonyesha mistari inayokatizana kama wavu, mfupa una vidoadoa vyeusi, na ile plastiki ya zamani haina hiki wala kile. Ikiwa ni ndovu, basi huenda alitoka kwetu. Pembe za Afrika Mashariki zilizopitia Zanzibar zilipendwa na wachongaji kwa ulaini wake, na mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868 waliukuta mji ambao misafara ya pembe kutoka Tabora na Ujiji ilikuwa inashushia mizigo yake. Hilo halikuzuii kusali mbele yake. Ila msalaba usalie Lille.

Sasa siborio. Nikikuelewa, yamekubana matatu kwa pamoja: ahadi kwa mama iliyokwisha kutangazwa altareni, jina la watu wengine chini ya kitako, na mume ambaye ulimficha yuro 300. Ukayafunga yote matatu kwenye swali moja: mimi ni mwizi? Ulinunua dukani, kwa bei ya duka, bila kujua. Mwizi hafanyi hivyo. Lakini sidhani kama hilo ndilo linalokukosesha usingizi.

Tuanze na neno la mume wako: "wao wameitupa". Hao wao ni nani? Huko Ufaransa jibu lina historia yake. Mwaka 1905 serikali ilitunga sheria ya kutenganisha Dini na Dola, na sheria zilizofuata za 1907 na 1908 zikayafanya makanisa ya parokia na vilivyomo kuwa mali ya manispaa za vijiji na miji. Mapadre wakabaki na haki ya kuvitumia. Kabla ya hapo maofisa walipita kanisa kwa kanisa wakiandika orodha ya kila kitu, kalisi, siborio, monstransi, hata viti. Watu waliona ni kufuru. Hapo kwenu kaskazini, Boeschepe, karibu na mpaka wa Ubelgiji, mtu mmoja aliuawa kwa risasi ndani ya kanisa Machi 1906 wakati orodha ikiandikwa, na serikali iliyokuwa madarakani Paris ikaanguka kesho yake. Kwa hiyo hao unaodhani walivitupa, kuna wakati walikuwa tayari kuvifia.

Maana yake kwako ni hii. Kama siborio ya 1872 ilikuwa ndani ya kanisa lile sheria ilipopita, basi huenda mpaka leo ni mali ya kijiji, na mali ya namna hiyo haiuzwi, wala wingi wa miaka hauifanyi iwe ya mtu mwingine. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano mapadre wengi walizisafisha sakristia zao, wakaona hivi vyombo vya masuke na zabibu ni makelele ya kizamani, wakawapa wachuuzi. Mara nyingi walitoa kisichokuwa chao, tena kwa nia njema kabisa.

Lakini usikimbilie kujihukumu, kwa sababu zipo njia nyingine za kihalali ambazo siborio ingeweza kupita. Watoto wa Maria walikuwa chama cha wasichana, na aghalabu kilikuwa chini ya masista. Kama zawadi ile ilikwenda kwenye kikanisa cha shule ya masista, hesabu inabadilika: mwanzoni mwa karne ya 20 mashirika mengi ya kitawa yalivunjwa kwa sheria na mali zao zikauzwa na serikali yenyewe. Halafu ikaja vita ya 1914 hadi 1918, ambayo kwa baadhi ya vijiji vya kwenu haikuacha kanisa wala ghala. Yale maandishi yanakuambia ilikotoka. Ilivyotoka hayasemi.

Unaweza kulichunguza hili polepole bila kugonga mlango wa meya. Orodha za 1906 mara nyingi zimehifadhiwa kwenye nyaraka za mkoa, na mtu yeyote anaweza kuomba kuzisoma. Wizara ya Utamaduni ina hazina ya kumbukumbu iitwayo Palissy inayosomeka kwenye intaneti, ingawa humo vimo hasa vile vilivyoorodheshwa kama urithi, na siborio nyingi za kawaida hazimo. Aliyekuuzia, kwa kuwa ana duka, sheria inamtaka awe na daftari la alikopata kila kitu. Nenda na risiti yako, umuulize kwa upole. Kila mkoa pia una mhifadhi wa vitu vya kale na vya sanaa, ambaye kazi yake ni mambo haya hasa. Ila lipime vizuri hili la mhifadhi: ukishamwonyesha picha ya kitako, jambo limetoka mikononi mwako. Inaweza kuchukuliwa, na zile 450 ukazidai kwa muuzaji kwa jasho, au usizione tena. Kwa mshahara wa kutunza wazee si fedha ndogo.

Wazo la sonara nalielewa; rafiki yako anakupenda na anataka ulale. Lakini leo wewe ni mnunuzi asiyejua historia ya alichonunua. Siku maandishi yakifutwa utakuwa mtu aliyeijua akaificha, na hayo ni mambo mawili tofauti, kwa polisi na kwa padre wa kitubio pia. Kuuza kuna doa hilohilo, tena sidhani kama tiketi zitatosha. Angalia mihuri: kichwa cha mungu wa kike mwenye kofia ya vita, Minerva, ndicho kilichogongwa kwenye fedha ya Ufaransa tangu 1838. Mara nyingi kinaonekana kwenye kikombe na kifuniko tu, kwa kuwa fedha ilitakiwa hasa pale pa kukaa hostia. Mguu huwa shaba iliyopakwa fedha. Anayefikiria kuiyeyusha atapata kidogo.

Na kuipeleka Kilimanjaro kama ilivyo? Unaweza. Utaona machozi ya mama, na hilo si dogo hata kidogo. Ila mfikirie na paroko wenu. Siku ya jubilei simu mia zitapiga picha, na picha siku hizi hazina mpaka. Ikija barua miaka mitatu baadaye, atakayejibu ni yeye, juu ya chombo kilichokwisha kukaa tabernakuloni. Upande wa pili, ukichunguza ukakuta haimo kwenye orodha ya 1906, au kijiji kikakuandikia kwamba hakina dai, utasafiri na karatasi mkononi na moyo mweupe. Tatizo ni muda. Desemba iko karibu, na nyaraka za Wafaransa haziendi kwa kasi ya jubilei za Wachagga.

Kama itafika, paroko aibariki upya. Sheria ya Kanisa ya 1917 ilisema chombo kitakatifu kikiwekwa sokoni hadharani kinapoteza baraka yake. Tena muulize jambo la kawaida kabisa: inabeba hostia ngapi? Ya kijiji cha 1872 inaweza kuwa ndogo kwa Krismasi ya kwenu, watoto wote wa mjini wakiwa wamerudi.

Mama sasa. Umeandika kana kwamba akisikia habari hii ataanguka. Nauliza tu: umewahi kumsomea yale maandishi? Huyu ni mwanamke aliyehesabu michango ya WAWATA maisha yake yote, shilingi mia mbili mia mbili zilizofungwa kwenye ncha ya khanga. Wale Watoto wa Maria walikuwa wasichana wa huko kwenye mashamba ya kitani na vinu vya kusokota nyuzi, na siborio ya namna hii hawakuinunua kwa fedha ya ziada. Nikimwazia mama yako, huenda katika sisi wote ndiye atakayewaelewa upesi zaidi. Huenda pia akanyamaza, akakwambia simu inakatika, akaumia wiki mbili. Aibu ya kitu kilichotangazwa kanisani ni aibu kweli, na sitaki kuidharau nikiwa nimekaa kwangu. Wengine wangeanza na paroko, faraghani, wamwombe yeye atafute lugha. Njia hiyo ina wema wake, ila mama akigundua padre alijua kabla yake, umejitengenezea kesi nyingine.

Kuna kitu kingine kwenye barua yako ambacho sina hakika kama ulikusudia kunionyesha. Ugonjwa ulianza asubuhi uliyoona maisha ya bibi uliyekuwa unamwogesha yakisombwa na gari la taka. Tangu siku hiyo unaamka alfajiri na tochi. Umekaa miaka kumi na nane ukiwaosha mama za watu, na mama yako ana miaka 79 upande wa pili wa simu. Labda naunganisha visivyoungana. Uzee una tabia hiyo. Lakini sehemu ile ya barua niliirudia zaidi kuliko ya siborio.

Ndiyo maana neno la mume wako kuhusu tiketi sikulisikia kama ulivyolisikia wewe. Alisema "tukate". Mtu aliyechoshwa na vinara na sanamu angesema uza upunguze uchafu. Zungumza naye, na ile yuro 300 ianze kwa kinywa chako, uiombee radhi yenyewe kama yenyewe, usiichanganye na utetezi wa sanaa ya Kikatoliki. Na Yosefu wa koridoni, jamani, hawezi kuhamia chumbani kwenu? Plasta za namna ile zilimwagwa kwa kalibu kwa maelfu. Hatakosa heshima akisogezwa mita nne kwa ajili ya msichana wa miaka 15.

Masalia umeyataja kwa bei, yuro 90. Kanisa limekataza kabisa kuuza masalia ya watakatifu, kanuni ya 1190, na Wakatoliki wengi huyanunua ili kuyatoa sokoni, kwa hiyo dhamiri yako isikusumbue sana hapo. Geuza kisanduku utazame nyuma: kama uzi mwekundu na lakiri ya nta havijavunjwa, usikifungue. Siku ukichoka nacho, jimbo litajua pa kukiweka.

Na acha kuisafisha hiyo siborio, tafadhali. Marehemu baba yangu alikuwa sakristani. Aliisugua kalisi ya misheni kwa majivu na limau mpaka dhahabu ya ndani ikatoka, na paroko hakumsemesha wiki nzima. Kitambaa laini kikavu kinatosha. Piga picha ya maandishi na ya kila muhuri, uiweke kabatini mahali usipoiona kila ukipita.

Ukiamua kurudi kule kijijini, nenda ile Jumapili moja ya mwezi yenye misa. Siborio iache nyumbani. Kaa viti vya nyuma, na misa ikiisha ukiona bibi anafunga mlango kwa ufunguo mkubwa, msalimie.